Taa ya O/D OFF na mafuta ya gari lako: mwongozo kwa madereva wa Mtwara na Lindi

Kama gari lako ni la otomatiki na dashibodini kuna taa ya njano iliyoandikwa O/D OFF, nenda kaiangalie leo. Ikiwa inawaka muda wote, unachoma mafuta ambayo yangebaki kwenye tangi. Nimepanda magari mengi kati ya Mtwara na Lindi, na nimeiona taa hiyo ikiwaka kutoka Mikindani mpaka Mingoyo, dereva akiwa ametulia kabisa, akiamini kwamba taa ikiwaka ndipo ovadraivu (hiyo O/D, gia ya juu kabisa ya gari) inafanya kazi. Ni kinyume chake: neno OFF lina maana kwamba umeifunga. Wengine wanalijua hilo, ila waliambiwa kuwa ovadraivu ni ya kukimbilia, inaongeza nguvu na kwa hiyo inakula mafuta. Hilo nalo linawagharimu, hasa wenye Noah za abiria wanaokwenda na kurudi kila siku.

EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, hutangaza bei kikomo ya mafuta kila mwezi na sisi tunailipa ilivyo. Anayejaza Newala au Nachingwea huilipa pamoja na gharama ya kuyafikisha mafuta huko. Kitufe cha O/D kiko chini ya kidole gumba chako na hakidai hata shilingi, ndiyo maana naona ni haki kila dereva akijue vizuri.

Kwanza elewa kinachotokea ndani

Magari mengi ya Japani yaliyotumika tunayoyaendesha huku yana gia boksi ya otomatiki yenye gia nne za kwenda mbele. Chukua boksi ya Toyota iitwayo U340E, iliyofungwa kwenye Corolla nyingi za miaka ya 2000. Uwiano wake ni 2.847 kwa gia ya kwanza, 1.552 kwa ya pili, 1.000 kwa ya tatu na 0.700 kwa ya nne. Katika gia ya tatu, injini ikizunguka mara moja, mhimili unaotoka kwenye boksi nao unazunguka mara moja. Katika gia ya nne, injini inazunguka saba ya kumi tu ili mhimili ule ule umalize mzunguko mmoja. Hiyo gia ya nne ndiyo ovadraivu. Hakuna kifaa kingine kilichofichwa, wala hakuna nguvu inayoongezwa popote.

Baba na mtoto wakiongozana kwenda sokoni wanafika pamoja, ila mtoto amepiga hatua nyingi zaidi. Injini iliyofungiwa ovadraivu ni yule mtoto. Kwa mwendo ambao gia ya tatu inadai mizunguko 3,000 kwa dakika, gia ya nne inadai 2,100. Ukienda saa nzima hivyo, injini imezunguka mara 180,000 badala ya 126,000. Hiyo mizunguko 54,000 ya ziada haikukusogeza hata mita moja mbele.

Mafuta yanaokolewa kwa njia mbili. Ya kwanza ni msuguano: pistoni, ringi, mikono ya krenki na pampu ya oili vyote hula nguvu kila vinapozunguka, na vikizunguka mara chache vinakula kidogo. Ya pili haisemwi sana gereji. Injini ya petroli ikizunguka haraka huku ikitakiwa kutoa nguvu ndogo, mlango wake wa hewa unakuwa karibu umefungwa, na injini inatumia nguvu kuivuta hewa kupitia upenyo mwembamba. Ukiipunguzia mizunguko, mlango huo unafunguka zaidi kwa kazi ile ile, na injini inavuta hewa kwa urahisi.

Lakini usitarajie kuokoa asilimia 30 ya mafuta kwa kuwa mizunguko imepungua asilimia 30. Upepo unaokuzuia na matairi yanayosuguana na lami hayajui uko gia gani. Kazi ya kuvishinda ni ile ile. Unachookoa ni sehemu iliyokuwa ikipotelea ndani ya injini. Ni sehemu ya kutosha kuihesabu kwa fedha, na mbele kidogo nitaeleza jinsi ya kuipima mwenyewe.

Hatua ya 1: Jua gari lako ni la aina gani

Tazama mkono wa gia. Ukiona kitufe kidogo pembeni kilichoandikwa O/D, mwongozo huu ni wako moja kwa moja. Kwenye Toyota nyingi za miaka ya 1990 kitufe hicho ni cha kubaki: kikiwa kimeingia ndani ovadraivu ipo, kikichomoza imefungwa, na kinabaki hivyo hata ukizima gari na kulala. Ndiyo maana utalikuta gari limefungiwa ovadraivu miaka na miaka kwa sababu tu mtu aliyeliendesha kabla yako alikigusa. Kwenye magari ya baadaye kitufe hurudi chenyewe kikiachiwa na kompyuta ndiyo inayokumbuka. Mengi ya hayo hurudisha ovadraivu kila ukiwasha upya.

Mengine hayana kitufe ila yana nafasi ya 3 chini ya D. Hapo D ndiyo yenye ovadraivu, na 3 ni sawa na kuifunga. Magari yenye CVT (otomatiki inayotumia mkanda badala ya gia), kama Honda Fit nyingi na Nissan Note, hayana gia za kuhesabika. Kompyuta inashusha mizunguko yenyewe, na kazi yako ni kutoacha mkono kwenye S au L ukiwa barabara kuu.

Hatua ya 2: Iulize taa

Washa gari, bonyeza kitufe mara moja, tazama dashibodi. Bonyeza tena. Taa lazima iwake na kuzimika. Isipowaka kabisa, huenda balbu imekufa au waya umekatika, na hutajua uko upande gani kwa kutazama tu. Iache imezimika, hiyo ndiyo hali ya kila siku, mjini na safarini.

Watu huniuliza kama mjini wafunge O/D. Kwa mizunguko ya Mtwara mjini, kutoka Shangani hadi sokoni na kurudi, haina maana kubwa, kwa sababu boksi haiingii gia ya nne mpaka mwendo uwe umefika pale kompyuta inapouona unafaa. Kuifunga hakukusaidii chochote, na ukitoka nje ya mji utasahau kuifungua.

Hatua ya 3: Hakikisha injini inapata joto lake

Hapa nakuomba usome taratibu, kwa sababu ndipo mafuta mengi ya ukanda wetu yanapopotelea bila mtu kujua.

Kompyuta ya otomatiki nyingi hairuhusu gia ya nne mpaka maji ya injini yafikie joto fulani. Inafanya hivyo makusudi ili injini iwahi kupata moto. Kwenye gari zima subira hiyo ni ya dakika chache. Sasa, kwetu pwani kuna desturi ya muda mrefu: gari likichemsha mara moja, themostati (vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto) inang'olewa na kutupwa, kwa maelezo kwamba nchi za joto haziihitaji. Maji yanazunguka kwenye rejeta muda wote. Asubuhi, ukiwa barabara kuu na upepo unapiga rejeta, injini inaweza kukaa na ubaridi kwa kilomita nyingi. Kompyuta inaona injini baridi, inachelewesha ovadraivu, na wakati huo huo inaongeza petroli kwenye mchanganyiko kama inavyofanya kwa injini iliyotoka kuwashwa. Umepigwa mara mbili.

Dalili yake ni mshale wa joto kukaa chini ukiwa safarini badala ya kupanda karibu na katikati na kutulia. Ukiona hivyo, mwambie fundi afunge themostati yenye joto la kufungukia linalolingana na injini yako. Akikujibu, "Kaka, huku kwetu hiyo haina kazi," msisitizie kwa heshima, maana gari ni lako na mafuta ni yako. Na kama gari lilichemsha, tafuta chanzo: rejeta iliyoziba, feni isiyozunguka, mfuniko wa rejeta uliochoka, pampu ya maji. Kung'oa themostati hakutibu hata kimoja kati ya hivyo.

Hatua ya 4: Jifunze kuisikia gia ikiingia

Tafuta kipande kilichonyooka, kama baada ya kuiacha Mikindani nyuma. Injini ikiwa na joto, panda taratibu mpaka kilomita 70 hivi kwa saa, kisha legeza mguu kidogo. Ukiwa na mshale wa RPM utaona mizunguko ikishuka kwa wingi: hiyo ni gia ya nne. Sekunde chache baadaye itashuka tena kidogo, labda mia mbili au tatu. Huo mshuko mdogo wengi hudhani ni gia ya tano. Ni klachi iliyo ndani ya konveta ikijifunga.

Konveta ndiyo inayounganisha injini na gia boksi kwa kusukuma oili, na oili huteleza. Kila utelezi ni nguvu inayogeuka joto bure. Klachi ile ikijifunga, injini na boksi vinashikana moja kwa moja na utelezi unakwisha. Kwenye magari mengi ya aina hii, faida kamili ya ovadraivu inakuja mambo yote mawili yakiwapo: gia ya nne na klachi iliyojifunga. Ili kuhakikisha, pasipokuwa na gari nyuma yako, gusa breki kidogo sana huku mguu wa kulia ukibaki kwenye mafuta. Mizunguko itapanda kidogo, kisha ukiachia breki itarudi chini. Hivyo ndivyo utakavyojua klachi ilikuwa imejifunga. Hili linafundisha jambo jingine pia: dereva anayepumzisha mguu wa kushoto juu ya breki anaifungua klachi hiyo kilomita baada ya kilomita bila kujijua.

Hatua ya 5: Endesha kwa namna itakayoiruhusu ikae

Ukikanyaga mafuta kwa nguvu, kompyuta inaelewa kwamba unataka nguvu na inarudi gia ya tatu. Ukikanyaga na kuachia, kukanyaga na kuachia, boksi inapanda na kushuka bila kutulia. Mguu uwe mtulivu. Kwenye vijiji vyenye kibao cha 50, na vipo vingi tu kati ya Mtwara na Lindi, anza kulegeza mguu mapema ukikiona kwa mbali. Gari likiteleza ndani ya gia mafuta yasipokanyagwa, injini ya sindano inakata petroli kabisa mpaka mizunguko ikaribie ile ya gari lililosimama.

Kuhusu mwendo: ovadraivu haifuti madhara ya kukimbia. Nguvu ya upepo hukua kwa mraba wa mwendo. Ukitoka 80 kwenda 110, upepo unakuzuia karibu mara mbili, maana 110 ikigawanywa kwa 80 na jibu likazidishwa lenyewe kwa lenyewe unapata 1.89. Kwa magari mengi madogo, mahali pazuri pa kuokoa mafuta ni kati ya 70 na 90, gia ya nne ikiwa imetulia.

Hatua ya 6: Jua mahali pa kuifunga

Kitufe kiliwekwa kwa sababu, na ukikitumia mahali pake unalilinda gari.

Uwanda wa Makonde umeinama kuelekea baharini. Ukitoka Mtwara kwenda Newala kupitia Tandahimba unapanda pole pole, na kwa sehemu kubwa unaweza kuiacha O/D ifanye kazi. Upande wa Masasi, ukingo wa uwanda ni mkali. Hapo gari lililojaa watu na mizigo litaingia gia ya nne, litashindwa, litarudi ya tatu, litapata mwendo, litaingia ya nne tena. Ukiisikia injini inabadilisha sauti hivyo kila baada ya sekunde kadhaa, funga O/D mara moja. Kila inapobadilika klachi ya konveta inafunguka, oili inateleza na kuchemka, na oili ya gia boksi iliyochemka mara nyingi ndiyo inayoua otomatiki. Mafuta utakayotumia kwenye gia ya tatu mlimani hayazidi yale ambayo ungeyapoteza kwa kuhangaika hivyo.

Ukiteremka ukingo huo huo, funga pia, na pakiwa pakali zaidi weka mkono kwenye 2. Injini inalishikilia gari na breki zinapumua. Kuna wanaoogopa kwamba mizunguko ikipanda wakati wa kuteremka gari linakula mafuta. Hapana: umeachia mafuta, sindano zimefungwa, mizunguko yote ile inatoka kwenye uzito wa gari linaloshuka. Wanaoteremka wakiwa wameweka N ndio wanaokula, kwa sababu injini ya N lazima ipewe petroli isizimike, tena breki zinabeba mzigo wote peke yake. Anayezima injini kabisa kwenye mteremko anapoteza msaada wa breki na usukani, na pampu ya oili ya gia boksi inasimama huku vyuma vyake vikiendelea kuzunguka. Tafadhali, usifanye hivyo hata siku moja.

Kuovateki malori ya saruji au ya korosho: funga O/D sekunde mbili tatu kabla, gari liwe limeshaingia gia ya tatu barabara ikiwa wazi mbele yako, pita, rudi upande wako, fungua. Ni salama kuliko kukanyaga hadi chini na kusubiri boksi iamue wakati tayari uko upande wa wenzako.

Kwenye mchanga, kama njia za kuelekea Msimbati, tumia L au 2 tu.

Hatua ya 7: Pima kwa fedha yako mwenyewe

Usiniamini mimi, pima. Mtwara hadi Lindi mjini ni kilomita mia na kidogo, na kwenda na kurudi kunatosha kuonyesha tofauti. Kurudi ni muhimu: pepo za kusi na kaskazi zinaweza kukusukuma ukienda na kukuzuia ukirudi, na safari ya pande mbili inayapatanisha hayo.

Pima upepo wa matairi yakiwa baridi. Nenda sheli, jaza mpaka pampu ikate yenyewe, usiongeze kwa kubembeleza. Sifurisha kihesabu cha safari. Nenda Lindi na kurudi, mwendo wa kawaida, O/D ikiwa wazi. Rudi sheli ile ile, pampu ile ile, gari lisimame upande ule ule, jaza tena mpaka ikate. Gawanya kilomita kwa lita. Siku nyingine fanya vile vile O/D ikiwa imefungwa, saa zile zile, mzigo ule ule, na kiyoyozi kama kilikuwa kimewashwa kiwashwe tena.

Kwa mfano wa hesabu tu: kilomita 210 kwa lita 17.5 ni kilomita 12 kwa lita. Kilomita hizo hizo kwa lita 19.5 ni 10.8 hivi. Hapo lita mbili zimepotea kwa kwenda na kurudi. Zidisha kwa bei ya pampu, kisha kwa safari zako za mwezi. Namba za gari lako zitakuwa tofauti na hizi, kwa hiyo ziandike kwenye daftari, si kichwani.

Hatua ya 8: Ikiwa gia ya nne haiji

O/D iko wazi, injini ina joto, barabara ni tambarare, na bado mizunguko haishuki. Kwanza tazama taa. Kwenye Toyota, taa ya O/D OFF inayowaka na kuzimika yenyewe bila kuguswa ni ujumbe kwamba kompyuta imeona hitilafu kwenye gia boksi: solenoidi (vali ya umeme inayobadilisha gia), sensa ya mwendo, au waya. Peleka kwa fundi mwenye mashine ya kusoma kodi za hitilafu kwenye kompyuta ya gari, kabla mtu hajaanza kushusha boksi. Solenoidi moja ni kazi ndogo ukilinganisha na kununua boksi nzima.

Kisha kagua oili ya gia boksi. Kwa magari yenye kijiti, simama tambarare, injini iwe na joto na inawaka, pitisha mkono kwenye gia zote polepole, rudisha P, halafu chomoa kijiti, futa, chovya, soma upande wa HOT. Oili nzima ni nyekundu au ya kahawia nyepesi. Ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, klachi za ndani zimeanza kuliwa. Ikipungua, pampu inavuta hewa na gia zinateleza, na gari linakula mafuta hata O/D ikiwa wazi.

Unapobadilisha, fuata jina lililoandikwa kwenye kijiti au kitabu cha gari. Toyota inayotaka T-IV ipewe T-IV, inayotaka WS ipewe WS. Na kwa CVT usikubali kabisa mtu akuwekee ATF (oili ya otomatiki) ya kawaida kwa sababu ndiyo iliyopo dukani. Mkanda wa chuma wa CVT unategemea oili yake maalumu ili usiteleze. Kama haipatikani Masasi au Nachingwea, agiza, na gari lisubiri.